Neti ya Kivuli kwa Kitalu cha Kahawa

Ndugu Makatibu na Wanachama,

Katika ukaguzi wangu nilikuta chama kimoja kimenunua neti ya asilimia 80 kwa kitalu chake cha kahawa, kwa kudhani kwamba iliyo nzito ndiyo bora. Miche ilirefuka, ikawa myembamba na dhaifu. Fedha za wanachama zikapotea.

Ndugu zangu, tarakimu hiyo si kipimo cha uimara, bali cha mwanga unaozuiwa. Kwa miche ya kahawa, asilimia 50 hivi yatosha. Kabla ya kuihamishia shambani, punguzeni kivuli kidogo kidogo ili izoee jua.

Basi, Katibu asitie saini hati ya malipo kabla Kamati haijaisoma tarakimu hiyo. Mali ya ushirika ni jasho la wengi.