Viti, Sufuria na Sururu: Kigango Kipya na Majirani Zake

Maneno ya katibu wa huduma wa kigango kimoja pembezoni mwa jiji la Dodoma, mbele ya wanakamati wa parokia na wafadhili.

Nimeombwa nieleze namna kigango chetu kinavyoishi na majirani. Ramani ya jengo mmekwisha kuiona, kwa hiyo sitairudia.

Kwanza mfahamu mahali tulipo. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na Dodoma kuwa jiji mwaka 2018, mashamba ya uwele na mizabibu yamepimwa viwanja. Mtaani kwetu wapo Wagogo waliozaliwa hapa hapa, wapo watumishi wa Serikali waliotoka Dar es Salaam, mafundi ujenzi, mama lishe na vijana wa bodaboda. Watu wanajenga na kuhamia, lakini hawajuani. Mtu anaweza kumaliza mwaka bila kulijua jina la jirani anayepakana naye.

Hali hiyo huonekana wazi siku ya msiba. Kijijini akifariki mtu, hakuna anayeuliza nani atachimba kaburi. Kwetu mfiwa huanza kupiga simu. Chama chake cha kufa na kuzikana kiko kazini au huko alikotoka, si mtaani. Turubai ni la kukodi, viti vya kukodi, na mwenye mali anataka fedha kwanza. Mjane bado analia, naye anadaiwa malipo ya awali.

Maaskofu wa AMECEA walipoamua mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe kipaumbele cha kichungaji, walitaka Kanisa lishuke hadi kwenye nyumba za watu. Basi jumuiya zetu zilikaa zikajiuliza tuna nini. Kanisa lenyewe bado ni mabanzi na bati. Tulikuwa na viti vya plastiki na sufuria za sherehe. Ikakubaliwa kwamba mfiwa yeyote, awe wa dhehebu lolote, awe Mwislamu au asiye na dini, avichukue bila malipo. Tukaongeza sururu, mitaimbo na makoleo, maana ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi haichimbiki kwa jembe. Katika matendo saba ya huruma ya kimwili, sita yanatokana na Mathayo sura ya 25. La saba, kuzika wafu, linatokana na Kitabu cha Tobiti. Sisi tulianza na hilo la saba kwa sababu ndilo lililokuwa mlangoni.

Naomba nikae kidogo kwenye sufuria. Wazee wa msikiti wa jirani walipoambiwa kwamba vifaa ni vya wote, walishukuru kwa viti, kisha wakauliza kwa upole: hizo sufuria zimepikiwa nini? Swali halali kabisa. Katika sherehe zetu kitimoto hupikwa, tusifichane. Akina mama wa WAWATA wakachangishana, wakanunua sufuria mbili mpya ambazo hazipikiwi nguruwe, na zinatunzwa nyumbani kwa mama mmoja Mwislamu. Hazina msalaba wala jina la kigango.

Kuna suala la ufunguo pia. Waislamu huharakisha maziko, mara nyingi siku ile ile. Ufunguo wa stoo ukiwa mfukoni mwa katekista aliyekwenda parokiani, viti havina faida kwa yeyote. Kwa hiyo ufunguo wa pili uko kwa jirani mwenye duka linalofunguliwa alfajiri.

Tukipeleka vifaa msibani hatuhubiri wala hatutangazi ratiba ya ibada. Wapo waamini wanaonung'unika kwamba tunatoa bila kupata kitu. Mimi huwajibu kwamba mfiwa si mlengwa wa mradi. Tena si kweli kwamba hatujapata. Upepo wa mvua za Januari ulipoezua bati zetu, wengi wa waliopanda juu kuzipigilia hawakuwa watu wa kigango, na hakuna aliyedai posho.

Sasa nije kwenye bajeti iliyo mbele yenu. Ina ukuta na geti. Maoni yangu, na si ya kamati nzima, ni kwamba ukuta usubiri. Ukijengwa kwanza, jirani atabisha hodi kwa mlinzi kabla ya kupewa sururu, na baada ya mara mbili tatu hatakuja tena. Fungu hilo linunue viti vingine, kwa sababu plastiki haivumilii jua la hapa, pamoja na turubai moja imara. Ndugu wafadhili, naelewa kwamba jengo lenye kibao hupendeza katika picha, na kiti kilichovunjika mguu hakipendezi. Mkituuliza taarifa tutawapa daftari: tarehe, vilivyotoka, vilivyorudi. Dini ya aliyeazima hatuiandiki.

Daftari lenyewe liko pale mezani, mtalipitia wakati wa chai. Palipo na wino mwekundu ni viti ambavyo havijarudi, na vingi kati ya hivyo viko kwenye msiba wa juzi, nyumba ya tatu kutoka hapa.