Mnyama Naye Husikia Maumivu

(Maneno yaliyosemwa barazani mbele ya wazee, wavuvi na wafugaji wa Mwabungo, Kwale)



Nimeombwa kusema juu ya wanyama. Hapana shaka wengi wenu mlipopata habari hiyo mlidhani nitasema juu ya dawa ya kupe, au juu ya bei ya mbuzi huko Ukunda. Hayo ni mambo mema, nayo yana siku yake. Leo nataka kuwaulizeni swali moja ambalo haliulizwi sana barazani. Yule mbuzi uliyemfunga chini ya mnazi, je, ni kitu tu, mfano wa jembe na baiskeli, au ni kiumbe ajuaye kuwa anaumia?

Yuko atakayejibu upesi, "Mbuzi ni mali yangu, nimemnunua kwa fedha zangu." Ni kweli, wala sikuja hapa kumnyang'anya mtu mali yake. Katika nchi yetu hii mbuzi ndiye benki ya maskini. Ndiye ada ya shule, ndiye mahari, ndiye nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya Msambweni usiku. Lakini neno hili "mali" laeleza jambo moja tu, yaani nani ana haki ya kumwuza mbuzi yule. Halielezi mbuzi mwenyewe ni nini. Jembe likivunjika mpini halina habari. Mbuzi akivunjika mguu anayo habari, tena usiku kucha. Fedha zilizotoka mkononi mwako zimebadili jina la mwenyewe, bali hazikubadili hata mshipa mmoja katika mwili wa mnyama.

Na hiyo mishipa ndiyo msingi wa maneno yangu. Daktari wa mifugo apasuapo mwili wa mbuzi au ng'ombe huona mishipa ya fahamu ikitoka katika ngozi, ikaingia uti wa mgongo, ikapanda mpaka kwenye ubongo, kama ilivyo kwetu sisi. Dawa ya ganzi unayodungwa wewe uking'olewa jino humfaa ng'ombe naye anaposhonwa kidonda. Kama ng'ombe hakusikia maumivu, dawa hiyo ingemfanyia kazi gani? Tarehe 7 Julai 2012 wataalamu wa mambo ya ubongo walikutana katika mji wa Cambridge, Uingereza, wakatangaza kuwa wanyama wote wanyonyeshao, na ndege, na hata viumbe wengine kama pweza, wanavyo vyombo vya mwilini viletavyo fahamu. Nadhani mama yeyote afugaye kuku hapa Mwabungo angaliwaambia hayo bila ya wao kukutana.

Tena liko jambo linalotudanganya sana, nalo ni kimya cha mnyama. Mbwa akikanyagwa hulia, na paka hali kadhalika. Lakini punda, kondoo na ng'ombe huweza kuumia sana na wasitoe sauti. Watu husema, "Huyu hasikii, ngozi yake ni ngumu." Sivyo. Wanyama hawa ni wa jamii ya wale wanaoliwa na simba na fisi. Porini, yule aonyeshaye udhaifu ndiye akamatwaye kwanza, na kwa sababu hiyo wamezaliwa na tabia ya kuficha maumivu yao. Mwenye macho huyaona kwa ishara nyingine. Mnyama huacha kucheua, masikio hulegea, husimama mguu mmoja akiupumzisha, hujitenga na wenziwe, hukataa pumba. Mfugaji hodari ni yule asomaye ishara hizo kabla ya mnyama kuanguka.

Punda ndiye aliyedhulumiwa kuliko wote katika hesabu hii. Sisi Waswahili tumemtungia methali, kwamba fadhila ya punda ni mateke. Mimi methali hii siipendi, ijapokuwa ni ya wazee. Nimewaona punda huko Kinango wakichota maji tangu alfajiri, kamba ya nailoni imekula nyama ya kifua mpaka pakawa pekundu, na juu ya kidonda kile kile mzigo wa kesho unafungwa. Punda yule akirusha teke, nani aliyeanza ugomvi? Kamba ikivikwa gunia lililokunjwa, au ukanda mpana badala ya kamba nyembamba, uzito hugawanyika na ngozi haichubuki. Gunia kuukuu halina bei. Na punda asiye na kidonda hufanya kazi miaka mingi kuliko mwenye kidonda, hata asiyemhurumia afanye hesabu hiyo ataiona.

Wenzetu wa Lamu, ambao mji wao una vichochoro visivyopita motokaa, walipata hospitali ya punda mwaka 1987, iliyofunguliwa na shirika la Uingereza liitwalo Donkey Sanctuary. Punda walitibiwa humo bila malipo. Huko punda ni gari, ni hamali, ni chombo cha ujenzi, na watu wakaona kuwa chombo hiki kina uhai.

Na tazameni lililotokea bara punda alipohesabiwa kuwa kitu tu. Tangu mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa nchini Kenya, si kwa ajili ya nyama hasa bali kwa ajili ya ngozi, inayochemshwa huko Uchina ikawa dawa iitwayo ejiao. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilionyesha punda zaidi ya milioni 1.8 nchini. Ile ya mwaka 2019 ilionyesha chini ya milioni 1.2. Wezi wakaingia mabomani usiku, na mwenye punda akaamka kukuta mzoga umechunwa kichakani. Mjane aliyekuwa akiuza maji kwa punda mmoja akabaki na mitungi mitupu. Mwaka 2020 Serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo, mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaitengua amri hiyo, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa wakakubaliana kuzuia biashara ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Waliokwenda kulalamika kwanza walikuwa wakulima na wachota maji wenyewe.

Sasa nije kwa kuku, maana naona akina mama wananitazama. Kuku anapopelekwa sokoni hufungwa miguu, akaning'inizwa kichwa chini kwenye mpini wa baiskeli, kumi huku na kumi huku, kutoka hapa mpaka Ukunda kwenye jua. Ndege hana kile kiwambo cha nyama kinachotenga kifua na tumbo, kama tulicho nacho sisi. Akiwa kichwa chini matumbo yake huelemea mifuko ya pumzi, na kupumua kwake huwa shida. Mifupa ya miguu nayo huteguka. Wazee wetu walikuwa na tenga, lililosukwa kwa vijiti, kuku akakaa humo kama abiria. Kwa nini tumeliacha tenga? Ati kwa sababu baiskeli ina haraka. Lakini tenga hufungwa nyuma ya baiskeli vile vile.

Habari ya kuchinja sitasema maneno mengi, maana hapa wapo masheikh wanaojua kuliko mimi, nao wamekwisha kuwafundisheni kuwa kisu kinolewe, na kisinolewe mbele ya mnyama, wala mnyama mmoja asichinjwe mwenzake akitazama. Kila mtoto wa madrasa ajua habari ya mtu aliyeshuka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu, na ya mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa kwa njaa. Mimi naongeza la machinjioni tu. Mnyama aliyeburutwa, akapigwa, akafika amechoka na kuogopa, humaliza nguvu zilizo katika nyama yake kabla ya kufa. Nyama hiyo huwa nyeusi, ngumu, tena huharibika upesi. Yule aliyepumzishwa na kupewa maji hutoa nyama njema.

Ninyi wavuvi msidhani mmesahauliwa. Sheria yetu ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, iliyotungwa mwaka 1962, yakataza kumpiga mnyama kwa ukatili, kumpakia mzigo kupita kiasi, kumtumia akiwa mgonjwa au ana jeraha. Lakini mnyama anayetajwa na sheria hiyo ni yule mwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo samaki yumo, na kasa yumo. Pweza hayumo, wala kaa, wala kambakochi. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2022 ikawataja na hawa kuwa viumbe wenye hisia, baada ya wataalamu kukusanya ushahidi. Katika jaribio moja lililotangazwa mwaka 2021, pweza aliyedungwa tindikali alikikimbia chumba alichokuwa akikipenda, kwa kuwa ndicho alichopatia uchungu. Alipotiwa ganzi, akakipenda chumba kile alichopatia nafuu. Hiyo ni kumbukumbu, wala si kushtuka tu kama uzi uliovutwa.

Nani kati yenu aendaye mwambani maji ya bamvua yakitoka asiyejua akili za pweza? Hujifungia mlango kwa mawe. Hubadili rangi ukimtazama. Huchungulia kujua kama umekwisha kwenda zako. Siwaambii msimvue, maana watoto watakula nini, na nani atamnyima mtu mchuzi wa pweza wa nazi? Nasema kwamba yuko avuaye na kumchoma mara moja katikati ya macho, penye ubongo, pweza akafa papo hapo. Na yuko mwingine ambaye humvuta mkono mmoja mmoja, akamburura, akampiga mwambani akiwa hai. Kumpiga ili alainike kunaweza kungoja mpaka afe. Mnajua wenyewe ni nani kati ya hao wawili aitwaye mvuvi fundi.

Nimalizie na wasio na mwenyewe, wale wa msituni. Hapa karibu yetu pana Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wazee wa kaya waliweka miiko, mti usikatwe ovyo, na aingiaye aingie kwa adabu. Katika misitu kama hiyo na katika bustani za Diani hukaa mbega, yule mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani, asiye na kidole gumba, na mtoto wake huzaliwa mweupe mwili mzima. Karne ya 19 ngozi za mbega zilipelekwa Ulaya kwa maelfu, wanawake wa kule wakajipamba. Siku hizi adui zake ni motokaa na nyaya za umeme za barabara ya Diani. Kuna shirika lililoanzishwa huko mwaka 1997 ambalo limetundika ngazi za kamba juu ya barabara, mbega wavuke bila kushuka chini, nalo hukata matawi yaliyo karibu na nyaya. Wengine walicheka, ati nyani anajengewa daraja na sisi twaruka madimbwi. Kicheko hicho nakielewa. Lakini ngazi zile hazikuchukua simiti ya daraja la mtu yeyote, na mbega mwenyewe hula majani, si mwizi wa mahindi.

Wezi wa mahindi ni nyani na tumbili, na hapa sitawalaumu wakulima. Mtu aliyelima kwa jembe la mkono, akangoja mvua, kisha kundi likamaliza shamba asubuhi moja, hasira yake ni haki. Na alinde shamba lake. Aamie kama wazee walivyoamia, kwa kelele na kwa zamu za majirani, na hasara kubwa ya tembo na nyati aipeleke kwa maofisa wa wanyama pori, maana sheria ya mwaka 2013 imetaja fidia. Bali mtego wa waya sikubaliani nao hata kidogo. Waya hauchagui. Humnasa paa, humnasa mbega aliyeshuka, humnasa mbuzi wa jirani, na aliyenaswa hukaa siku mbili, tatu, waya ukizama mfupani, na mwenye mtego yuko Likoni amesahau alikoutega.

Mzee mmoja ameniuliza kabla hatujakaa kitako, "Na mbwa je, nao ni najisi?" Habari ya udhu ataijibu imamu. Mimi namjibu habari ya mawe. Mbwa wetu hapigwi mawe kwa kuwa ameuma, mara nyingi huuma kwa kuwa amepigwa mawe. Kichaa cha mbwa hakizuiwi kwa mawe wala kwa sumu, huzuiwa kwa chanjo, na Kenya imepanga tangu mwaka 2014 kukimaliza kichaa hicho ifikapo mwaka 2030. Basi itakapotangazwa siku ya chanjo, kila mwenye mbwa amlete, na watoto wadogo wasiachiwe kazi hiyo peke yao. Amfunge kwa kamba laini, si kwa waya, tena amletee na maji, maana foleni huwa ndefu na jua la saa sita mnalijua.