Mbwa Mchanga na Mbwa wa Jirani

Juma hili hatutakwenda mbali na ua wa nyumbani. Twataka kuzungumza juu ya mbwa mchanga, yule wa miezi 7 au 8, ambaye akimwona mbwa mwingine njiani husimamisha manyoya ya mgongo, akabweka na kuvuta kamba mpaka karibu ajinyonge. Sisi wachungaji hutembelea nyumba nyingi, na mbwa wa parishi twawajua sana!

Wengi wetu tuna dawa moja tu: fimbo. Lakini mbwa huyu mara nyingi si mkali, bali anaogopa. Mbwa huzoea wenzake hasa tangu juma la 3 la maisha yake mpaka karibu juma la 12. Aliyefungwa mnyororo nyuma ya jiko majuma hayo yote hakupata kujua mbwa mwingine ni kitu gani. Basi akimwona, hubweka ili yule aende zake. Ndipo sisi twampiga. Anajifunza nini? Kwamba kila atokeapo mbwa mwingine, maumivu hufuata. Kesho atabweka mapema zaidi. Na akipigwa kwa sababu ya kunguruma, huenda akaacha kunguruma, lakini hofu imebaki ndani. Siku moja atauma bila onyo, na aliye karibu pengine ni mtoto wa jirani. Tumeketi na majirani wa kanisa moja ambao hawasalimiani tena kwa ajili ya mbwa.

Iko njia nyingine, nayo ni ya polepole. Ndugu msikilizaji, nunua mapafu ya ng'ombe pale buchani, uyachemshe, uyakate vipande vidogo vidogo. Simama na mbwa wako mbali na yule mwingine, mahali ambapo anamwona lakini habweki. Pengine ni hatua 50. Kila amtazamapo mwenzake, mpe kipande. Mwenzake akiisha kupita, nyama nayo imekwisha. Baada ya siku kadhaa utaona jambo la ajabu: akimwona yule mwingine, atageuka akutazame wewe. Hapo sogea hatua chache. Akibweka, umekaribia mno. Rudi nyuma kimya, usimkemee. Kamba na ilegee, maana ikikazwa humwongezea wasiwasi.

Tusidhani kila purukushani ni vita. Mbwa akiinamisha kifua na kuinua matako, anaalika mchezo. Na mbwa mzee akimngurumia mdogo anayemrukiarukia, mwacheni mzee. Anamfundisha adabu vizuri kuliko sisi.

Lakini wakishikana kweli, mtu asitie mkono. Mithali, sura ya 26, hutaja mtu anayemkamata mbwa masikio; aliyeandika hayo aliwajua mbwa! Wamwagieni ndoo ya maji, au gongeni sufuria kwa nguvu. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Na mbwa mwenyewe achanjwe kila mwaka.

Kesho alfajiri, kabla njia haijajaa watu, toka naye na nyama mfukoni. Dakika 10 zatosha.