Kufuatilia Mazingira kwa Miaka Mingi: Kazi Inayoanzia Mtoni

Mazungumzo kwa vyama vya watumiaji maji, Kaunti ya Laikipia



Februari ndio mwezi unaoonyesha hali halisi ya Ewaso Ng'iro. Mvua ya vuli imepita, ya masika haijafika, na kila mwenye shamba la kunyunyizia ameelekeza paipu mtoni. Huko chini, Archers Post katika Kaunti ya Samburu, kuna kituo cha kupima maji ya mto huu chenye rekodi za miongo mingi. Katika miaka ya 1960, maji yaliyopita hapo mwezi wa Februari yalikuwa wastani wa takriban mita 9 za ujazo kwa sekunde. Kufikia miaka ya 1990, yalikuwa yamebaki takriban mita 1.

Ugomvi unaotokana na tofauti hiyo mnaujua. Mfugaji wa chini anamlaumu mkulima wa juu kwamba amefunga maji. Mkulima anasema ni ukame, yeye hana hatia. Kila upande una mzee wa kutoa ushahidi, na kila mzee anasema kweli kama anavyoikumbuka. Watafiti walipolinganisha rekodi za mvua na rekodi za mto, walikuta kwamba mvua haikuwa imepungua kwa kiasi hicho. Sababu kubwa ilikuwa maji yanayochotwa juu, kwenye mifereji na mabomba. Jibu hilo lisingepatikana kama hakungekuwa na watu waliokwenda kusoma vipimo miaka thelathini mfululizo, bila kujua namba zao zingekuja kuamua jambo gani.

Kazi yenyewe haina mvuto. Mtu anafika kwenye kipimamvua saa tatu asubuhi, anasoma, anaandika, anarudi nyumbani. Kesho vivyo hivyo. Siku isiyo na mvua anaandika sufuri, na hapo ndipo wengi hukosea. Nafasi iliyoachwa wazi kwenye daftari haimaanishi kwamba mvua haikunyesha. Inamaanisha kwamba hakuna anayejua. Nafasi hiyo haijazwi tena, hata zikitolewa pesa kiasi gani mwaka unaofuata.

Laikipia ina mfano wake mzuri. Mwaka 1995, pale Mpala, watafiti walizungushia uzio viwanja 18 vya hekta 4 kila kimoja. Vingine vinaingia ng'ombe peke yake, vingine wanyamapori, vingine wote pamoja, na vingine havimruhusu yeyote kati yao. Swali lilikuwa la kila mfugaji: je, punda milia wanamaliza malisho ya ng'ombe? Mwaka 2011 Wilfred Odadi, mtafiti Mkenya, na wenzake walichapisha jibu katika jarida la Science. Wakati wa kiangazi, ndiyo, wanyamapori wanashindana na ng'ombe na ng'ombe wanakonda. Wakati wa mvua, ng'ombe waliolisha pamoja na wanyamapori walinenepa zaidi, maana punda milia hula mabua makavu na kuacha majani laini. Aliyepima msimu mmoja tu angeondoka na nusu ya jibu, na pengine angetungia sheria nusu hiyo.

Kenya ina vipande vingine vya namna hii, na baadhi ni vya kujivunia. Tangu 1977 ndege za serikali zimekuwa zikihesabu wanyama katika nyanda kavu, zikipita kwa mistari iliyopangwa. Hesabu hizo, zilizo chini ya idara inayoitwa DRSRS, zilionyesha kwamba kati ya 1977 na 2016 wanyamapori walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Juu ya Mlima Kenya, kwenye mwinuko wa mita 3,678, kuna kituo cha Idara ya Hali ya Hewa kinachopima hewa yenyewe tangu 1999. Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, inasimamia vituo vya mito. Mamlaka ya kukabiliana na ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi katika kaunti 23.

Tatizo ni kwamba vipande hivi ni kama ndugu wasioamkiana. Kila mmoja ana daftari lake na namna yake ya kupima. Mara nyingi kazi hutegemea mfadhili wa miaka mitatu, na mradi ukiisha, anayesoma kipimo anaacha kulipwa. Mto hautambui mwisho wa mradi.

Afrika Kusini ilipitia hapo. Katika bonde la Jonkershoek, karibu na Stellenbosch, vipimo vya vijito vilianza miaka ya 1930 kwa sababu ya ugomvi: wakulima walidai kwamba mashamba ya miti ya paini yanakausha maji. Baadhi ya mabonde yakapandwa paini, mengine yakaachiwa mimea yake ya asili, na vijito vyote vikapimwa. Ilichukua miongo, lakini wakulima walionekana wana haki. Kuanzia 1972, kupanda msitu wa biashara nchini humo kukahitaji kibali. Mwaka 1995 ukaanza mpango wa Working for Water, unaowaajiri watu wasio na kazi kung'oa miti vamizi ya kigeni. Baadaye pesa za kupima zilipopungua, mtandao wa kitaifa, SAEON, ulioanzishwa 2002, ndio ulioendeleza vipimo vile. Anayebishana na jirani kuhusu mikaratusi kando ya mto hapa Laikipia ataelewa uzito wa jambo hilo.

Mtandao kama huo kwa Kenya haudai majengo mapya kwanza. Unadai kituo kimoja kipimwe kama kingine, kuanzia mikoko ya Kwale hadi Msitu wa Kakamega, na takwimu ziwekwe mahali ambapo mwalimu, mkulima na bunge la kaunti wanaweza kuzisoma. Unadai pia msomaji wa kipimo awe kwenye bajeti ya kawaida kama anavyolipwa karani. Mtandao ni wa taifa, lakini Katiba, Jedwali la Nne, imezipa kaunti utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo, maji na misitu. Kaunti isiyo na namba zake itatekeleza kwa kukisia.

Kwa upande wenu, kuna la kufanya kabla ya Nairobi kukubaliana. Kipimo cha chuma kilichosimikwa mtoni kisiuzwe kwa muuza vyuma chakavu, na ng'ombe wasifungwe hapo. Mafuriko yakikiangusha, viongozi wa chama cha watumiaji maji waarifiwe siku hiyo hiyo, nao waarifu WRA. Msikisimamishe wenyewe. Kikirudishwa chini au juu kidogo ya pale kilipokuwa, bila kuandikwa, namba za mwaka huu hazitalinganishwa tena na zile za mwaka jana.