MAGAZIJUTO Ina Kasoro Mwishoni

Msikilizaji, kanuni ya MAGAZIJUTO tuliyokaririshwa shuleni, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, si salama hadi mwisho. Tuseme muuza duka wa Mtoni ana shilingi 10,000. Ananunua barafu kwa 3,000, kisha mteja anamlipa deni la 2,000. Hesabu yake ni 10,000 − 3,000 + 2,000, na mkononi ana 9,000. Anayejumlisha kwanza, kwa kuifuata JUTO neno kwa neno, atapata 5,000. Zile 4,000 zimepotelea karatasini. Kujumlisha na kutoa vina daraja moja, hufanywa kwa kufuatana kutoka kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha ni vivyo hivyo, ingawa huko kuanza na kugawanya hakuharibu jibu.

Atakayesema kikokotoo kinatosha, ajaribu 2 + 3 × 4. Simu nyingi zitampa 14, jibu sahihi. Vikokotoo vingi vya bei nafuu vitampa 20, kwa kuwa hupiga hesabu papo hapo kila alama inapobonyezwa. Wengine watahofia kuwachanganya watoto. Lakini mtoto huchanganyikiwa zaidi daftari linapobishana na pesa iliyo mkononi. Walimu, endeleeni na MAGAZIJUTO, ila JUTO ifundisheni kuwa hatua moja, si mbili.