Vifungo Sita vya Blauzi

(Maneno yaliyosemwa na mama mmoja, mjumbe wa kamati, mbele ya wakaazi na wafanyakazi wa misaada, Nakivale)



Mwenyekiti aliponiomba niseme juu ya ugonjwa wangu, nilikataa mara mbili. Mtu akieleza ugonjwa wake hadharani, kesho yake bombani watu wote wanamtazama mikono. Lakini nimekuja, kwa sababu nina furaha ya kuwaeleza na pia nina ombi. Ombi ndilo lililonisimamisha hapa.

Nianze na furaha. Asubuhi ya leo nimefunga vifungo vya blauzi hii mimi mwenyewe. Viko sita. Zamani binti yangu ndiye aliyenifunga kabla ya kwenda shule, na siku nyingine alichelewa kengele kwa ajili yangu. Akina mama wa nyuma naona mnacheka. Chekeni tu, na mimi nilicheka.

Ugonjwa wangu ni baridi yabisi, ile ambayo waganga wa hospitali huiita rumatoidi. Jina lenyewe linatudanganya. Sisi tuliotoka milima ya Kivu tulifikiri ni baridi ya usiku imeingia mifupani, tukajifunika mablanketi. Sivyo. Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Kwangu mimi askari hao wamekosea adui, wanapiga nyumba yao wenyewe, yaani ngozi laini iliyo ndani ya viungo. Kiungo kinavimba na kupata moto, na kikiachwa hivyo miaka mingi mfupa unalika, vidole vinapinda. Ugonjwa huu hauambukizi. Unawashika wanawake kuliko wanaume. Nisalimieni kwa mkono bila hofu, ila msinikamue.

Saa yake mbaya ni asubuhi. Nikiamka, vidole vya mikono yote miwili vimekuwa kama vijiti vikavu, na hukaa hivyo saa nzima au zaidi. Kwa hiyo anayenikuta saa nane mchana nikipalilia maharagwe husema, huyu mama ni mzima. Saa kumi na mbili alfajiri hakuwapo.

Nilihangaika karibu miaka mitatu. Mahali fulani nilipewa dawa ya malaria bila kupimwa damu, nikarudi, nikapewa tena. Jirani mmoja alisema nimetegewa sumu tangu kwetu, nikanywa majani mpaka tumbo likaharibika. Mwishowe nikaandikiwa karatasi ya kwenda Mbarara katika hospitali kuu. Mnaijua njia ile, kama kilometa 60, na vumbi la kiangazi. Daktari alinibonyeza vidole kimoja kimoja, akauliza: «Mama, asubuhi vinachukua muda gani kulegea?» Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Nililia kabla sijajibu.

Niliandikiwa metotreksati. Sikilizeni vizuri, maana dawa hii si ya mchezo. Namezwa nayo? Hapana, naimeza mimi, mara moja kwa juma, siku ya Jumapili. Anayeimeza kila siku inaweza kumuua. Mwenye mimba au anayetafuta mimba haruhusiwi kabisa. Damu hupimwa kila baada ya muda, kwa ajili ya ini. Tena haina haraka. Majuma ya kwanza niliona kama nameza chokaa, na ni karibu mwezi wa tatu nilipoanza kuona tofauti.

Iko nyingine yenye haraka, na hiyo inatuponza. Mwezi wa Septemba 1948, huko Marekani katika kliniki ya Mayo, Dk. Philip Hench na wenzake walimdunga mama mmoja wa miaka 29 dawa mpya, kotisoni. Alikuwa hawezi kutembea ila kwa taabu kubwa. Halikupita juma moja, akatoka kwenda madukani kununua vitu. Nampenda sana mama yule, kwa sababu furaha yake ilikuwa kwenda sokoni! Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipewa tuzo ya Nobel. Lakini baadaye ilionekana kwamba ukiitumia kwa wingi na kwa muda mrefu, mifupa inadhoofika na sukari inapanda. Ndugu yake, prednisoloni, mnaiona madukani kwetu. Msijinunulie wenyewe. Na aliyeizoea asiikatishe ghafla, amwone daktari kwanza.

Daktari aliniambia niandike dakika za kila asubuhi. Nikanunua daftari la shule. Mwanzoni limejaa «saa mbili, saa mbili, saa mbili na nusu». Halafu inakuja dakika 90. Halafu 40. Nikaanza kuandika na mambo mengine: leo nimekamua nguo. Leo nimemenya ndizi nne. Leo nimebeba jerikani ya lita tano mpaka mlangoni. Kila likiingia jambo jipya tunanunua sukari robo kilo, tunakunywa chai. Siku ya jerikani jirani yangu wa Kisomali alileta anjera, ikawa karamu.

Sasa ombi. Jerikani ile ilinitia hofu. Mnajua kwamba tangu mwaka 2023 mgao hutolewa kwa kufuata makundi ya uhitaji. Mtu mmoja aliniona nayo, akasema: «Kumbe unaweza! Jina lako litatolewa kati ya wanyonge.» Tangu hapo nilibeba maji usiku. Nilificha nafuu yangu kama mwizi anavyoficha mbuzi. Tena siko peke yangu. Wapo hapa wenye pumu, wenye kifafa na wenye sukari wanaofanya hivyo hivyo. Mnatuambia tufurahie nafuu, na sisi tunaiogopa.

Ndugu wafanyakazi, mkija kutuhesabu msituhukumu kwa siku moja. Tuulizeni juu ya mwezi mzima, na juu ya asubuhi. Nafuu yangu inategemea kidonge. Kuna wakati kilikosekana duka nililozoea, na nauli ya kukitafuta mbali sikuwa nayo. Kabla mwezi haujaisha binti yangu alikuwa amerudi kunifunga vifungo. Ukurasa ule upo katika daftari, nitawaonyesha mkitaka. Na ninyi majirani, mkiniona nacheza ngoma Jumamosi na Jumatatu nimelala, msiseme nadanganya. Siku zote mbili ni za kweli.

Kila Jumatano baada ya adhuhuri nitakuwa nyumbani kwangu. Anayeamka na vidole vigumu aje na daftari lake, tutaandika pamoja. Kalamu ninazo, za mpini mnene, hizo ndizo tunazoweza kushika.

Nimemaliza. Mwenyekiti, naomba unishike mkono nishuke. Ngazi hizi bado hazijaingia katika daftari.