Konzi Moja Kabla ya Kuteleka



Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea katika nyumba ya udongo na makuti kaskazini ya Mombasa, alikuwa na ada moja ambayo utotoni niliidhania kuwa ni ubahili. Kila alipopima mchele wa usiku kwa kibaba na kuumimina katika ungo ili aupete, alichota konzi moja akaitia, si katika gunia ulikotoka mchele ule, bali katika mtungi mdogo uliokaa nyuma ya mlango, ambao sisi watoto hatukuwa na ruhusa hata ya kuugusa. Siku za neema konzi ilikuwa ile ile, na siku za ukata, tulipokuwa tukipewa uji mwepesi, konzi ilikuwa ile ile pia. Na nilipomwuliza kwa nini hangojei tule tushibe ndipo atenge kitakachosalia, alinitazama kama atazamwavyo mtu aliyesema upuuzi, akanijibu kwamba katika nyumba yenye watoto saba hakijapata kusalia kitu.

Nimemkumbuka bibi kwa sababu ya kijana mmoja, mwenye ajira ndogo hapa mjini, aliyeniuliza kama ni akili mtu ambaye mwenyewe yu katika dhiki kupeleka akiba yake kwa watu asiowajua, ng'ambo ya bahari. Sikumjibu papo hapo. Leo nitamjibu kwa kisa.

Mwaka 1845 mashamba ya mbatata ya Ireland yaliingiwa na ukungu. Majani yakawa meusi, na mbatata zilizochimbwa zikiwa nzima zikaoza ghalani baada ya siku chache. Fakiri wa nchi ile, aliyelima shamba la kukodi na kuuza nafaka yake ili amlipe mwenye ardhi, aghalabu hakuwa na chakula kingine ila hiyo mbatata, na ndiyo maana njaa iliyofuata, iliyodumu hata mwaka 1852, iliua watu wapatao milioni moja na kuwahamisha wengine kiasi hicho hicho, katika nchi ambayo wakati ule ule ilikuwa ikipakia nafaka merikebuni ikauzwe Uingereza.

Si insafu kusema kwamba serikali ya London haikutoa kitu, kwani katika majira ya joto ya mwaka 1847 majiko yake ya supu yalilisha watu milioni tatu kwa siku, kabla ya kufungwa hata mwaka haujaisha. Walakini ilitoa kama atoavyo mtu amshukuye mpokeaji. Charles Trevelyan, mkubwa wa wizara ya hazina aliyeushika mfuko wa msaada, alionekana kuwahofia watu kuzoea kusaidiwa kuliko alivyohofia wafe. Wenye njaa wakapondeshwa mawe na kujengeshwa barabara, nyingine zisizofika popote, ndipo walipwe ujira. Na mwaka huo huo ikapita sheria kwamba mwenye kukodi zaidi ya robo ekari hapati msaada mpaka aiachilie ardhi yake. Litafakari sharti hilo, msikilizaji: upewe bakuli la supu leo, nawe ulitoe shamba ambalo lingekulisha mwakani. Malkia Victoria alitoa pauni 2,000, na Sultani Abdulmejid wa Istanbul akatoa 1,000. Yasimuliwa kwamba Sultani alitaka kutoa 10,000 akaombwa ashushe, asije akampita malkia katika milki yake mwenyewe. Mimi nayaacha hayo katika fungu la masimulizi, lakini kama yalikuwa, basi heshima ya wakubwa ilikula chakula cha wengi siku ile.

Habari za njaa hiyo zilivuka Atlantiki, na tarehe 23 Machi mwaka 1847 zikasomwa katika mkutano uliofanywa Skullyville, katika nchi iitwayo leo Oklahoma. Jina la mji huo limetokana na neno la Kichoctaw lenye maana ya fedha, lakini mtu asidhani kuwa ulikuwa mji wa matajiri. Uliitwa hivyo kwa kuwa hapo ndipo wakala wa serikali ya Marekani alipowalipa Wachoctaw malipo yao ya kila mwaka, wenyeji wa asili wa Marekani waliokuwa wamekwisha kutolewa katika nchi yao. Walikuwa wameanza kuhamishwa kutoka Mississippi miaka kumi na sita tu kabla ya hapo, kwa sheria ya mwaka 1830 iliyotiwa sahihi na Rais Andrew Jackson, ambaye, kwa kinaya cha majaliwa, wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ireland. Walipita katika baridi na theluji, wengine bila viatu, na maelfu yao wakafa katika uhamisho ule. Hao ndio waliochangishana, pamoja na wamisionari na wafanyabiashara waliokuwamo mkutanoni, dola 170. (Vitabu kadhaa vimeandika 710, tarakimu zikiwa zimepinduka mkononi mwa mwandishi, nasi hatuna haja ya kuwaongezea, 170 zatosha.) Msaada wa Marekani uliokwenda Ireland kwa njia za watu binafsi ulipita sana mikononi mwa jumuiya ya Marafiki, hao Wakweka ambao wasikilizaji wetu wa magharibi ya Kenya wanawajua vema, walioaminiwa Dublin kwa sababu hawakumwuliza mwenye njaa dini yake kabla ya kumpakulia.

Sasa, mtu wa hesabu angesimama katika mkutano ule akawauliza Wachoctaw ziada yao iko wapi, nao wasingekuwa na jibu. Hapo ndipo ninapomwona bibi na ungo wake. Sisi tumezoea kuiita ziada ile iliyobaki baada ya haja zote kutimia, na kwa kuwa haja hazitimii, ziada haipatikani, na dhamiri yetu inalala salama.

Ikapita miaka 173. Ulipoingia ugonjwa wa Korona, taifa jingine la wenyeji wa asili wa Marekani, Wanavajo, wakaao katika nchi kavu ya Arizona, New Mexico na Utah, lilipatwa na maradhi hayo kwa kiwango ambacho, mwezi Mei mwaka 2020, kwa hesabu ya vichwa, kilishinda hata cha New York. Walihimizwa kunawa mikono mara kwa mara, nao karibu thuluthi ya nyumba zao hazikuwa na maji ya bomba. Wao na jirani zao Wahopi walikuwa wamefungua mfuko wa kuwanunulia wazee na wagonjwa chakula na maji, na ghafla katika orodha ya wachangaji yakaanza kumiminika majina ya watu wa Ireland, euro kumi, euro ishirini, wengi wakiandika kando kwamba wanalipa fadhila ya mwaka 1847. Tena walikuwa wamefungiwa majumbani wakati huo, na watu wapatao 600,000 nchini mwao walikuwa wakiishi kwa posho ya serikali ya euro 350 kwa wiki kwa kuwa kazi zimesimama. Naona vigumu kuamini kwamba hakuna aliyeikata euro ishirini yake katika posho hiyo.

Mpenda kukosoa atasema wamekosea mlango, kwa kuwa Wanavajo si Wachoctaw. Hawakukosea. Katika mji wa Midleton, jimbo la Cork, wamesimamisha manyoya tisa ya tai, ya chuma cha pua, marefu futi 20, yaliyopangwa duara mfano wa bakuli, kwa ukumbusho wa Wachoctaw na si wengine. Wanajua vema ni nani aliyewapa. Walitazama tu ni nani mwenye njaa leo.

Na kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kufanya hivyo mara moja, karibu nasi zaidi. Mwaka 1992 kundi la watu wa Ireland lilikwenda Oklahoma, likatembea kwa miguu mamia ya maili pamoja na Wachoctaw, wakiirudi ile njia ya uhamisho hata Mississippi, na kwa matembezi hayo zikachangwa dola 170,000, yaani elfu moja kwa kila dola ya Skullyville. Hazikwenda Ireland, wala hazikubaki Oklahoma. Zilipelekwa Somalia, kwa wenye njaa.

Sisi wa Mombasa twaukumbuka wakati ule, kwa kuwa waliokuwa wakiikimbia nchi hiyo walishuka bandarini kwetu, vyombo vimejaa hata havina nafasi ya kugeuka, wakawekwa katika kambi ya Utange. Bibi alikuwa bado hai, macho yamekwisha kupungua nuru. Siku moja aliniita nyuma ya mlango, akaniinamishia mtungi, akanimiminia mchele wote katika mfuko wa khaki, nikaona kwa mara ya kwanza udongo wa chini yake. Nilipomwuliza nikifika Utange nimpe nani, alisema nimpe wa kwanza nitakayemkuta.